Mwili Bado Haujatubu

Sauti ndiyo iliyonifikia kwanza. Ilikuwa asubuhi yangu ya pili katika kijiji kile cha upande wa Kishapu, nilikopelekwa kufundisha katika shule ya mtemi, nami nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya ua wa minyaa nikinawa uso kwa maji kidogo niliyopimiwa. Upande wa pili wa ua mtu alikuwa akigombezwa.

"Jana nimekupa ugali," sauti ilisema. "Nimekupa mboga, na karanga nimekutilia. Mimi nikaamka kusali, wewe ukalala. Sasa jua halijatoka vizuri, umeshaanza. Unataka nini?"

Aliyegombezwa hakujibu.

"Nasema na wewe. Unanguruma njiani mbele za watu. Huna haya?"

Nikadhani ni baba na mwanawe, au mtu na punda wake. Nikasimama kuchungulia, maji yakinitiririka kidevuni. Njiani alikuwa anapita mtu mmoja tu, mrefu, mwembamba, jembe begani, Kitabu chake kimefungwa ndani ya kitambaa na kuning'inizwa shingoni. Mtoto hakuwapo, wala punda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu kwetu."

"Ulikuwa unamgombeza nani?"

Akajipiga tumboni kwa kiganja, kama mtu anavyompiga ng'ombe ubavuni. "Huyu. Tumetoka naye mbali, lakini bado hajanizoea."

Akaenda zake. Kabla hajafika kwenye kona ya ua nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Umeona? Umenitia aibu mbele ya mgeni."

Watu wote walimwita Mwinjilisti, nami nilimwita hivyo kwa miaka yote niliyomfahamu, hata katika miaka ambayo hakuruhusiwa tena kuhubiri. Alikuwa na jina, bila shaka. Sikuwahi kulihitaji.

Mafundisho yake yote yalisimama juu ya jambo moja, alilolitoa katika waraka wa mtume na kulitunza kama mbegu: kwamba mtu ni watatu, roho na nafsi na mwili, na kwamba Bwana anawataka wote watatu wafike salama, asipungue hata mmoja. Wahubiri wengine waliwahi kulisema hilo, wakaendelea na mengine. Yeye hakuendelea na mengine. Alikaa hapo hapo.

"Mtu si mmoja," alikuwa akisema. "Mtu ni kaya. Ukija nyumbani kwangu ukamsalimu baba tu, mama na watoto umewaacha wamesimama, wewe una adabu gani?"

Kwa hiyo alikuwa akisalimu mara tatu. Mkikutana naye asubuhi, kwanza ilikuja mwangaluka ya kawaida, kama Msukuma yeyote, na habari za ng'ombe, mvua na watoto. Hizo peke yake zinatosha kumchelewesha mtu. Kisha yeye ndipo alipoanza. Mwili haujambo? Akangoja jibu. Nafsi haijambo? Akangoja. Na roho? Wanawake waliokuwa wakienda mnadani na matenga ya michembe, viazi vilivyokaushwa, kichwani walijifunza njia nyingine, ndefu zaidi, iliyopita nyuma ya zizi la Mzee Masanja.

Mzee Masanja alikuwa jirani yake, mfugaji, mtu wa mizimu ya wazee wake, na hakumkwepa. Alipenda kusalimiwa.

"Mwili haujambo," alijibu siku moja nikisikia. "Nafsi haijambo. Hiyo ya tatu nimeiacha nyumbani inalinda ndama."

"Itakuletea habari jioni," Mwinjilisti akasema.

"Ikiniletea habari kwamba ndama yupo, inatosha."

Walikuwa marafiki wa siku nyingi, wa namna ya wale marafiki wasiokubaliana juu ya kitu chochote isipokuwa mvua. Zamani, kabla Mwinjilisti hajabatizwa, walikuwa upande mmoja wa ngoma. Masanja alipiga, yeye alicheza. Wazee walinisimulia kwamba alipocheza, watu waliacha pombe kwenye vibuyu ikaingiliwa na nzi. Sikuamini. Nilimwona akitembea kanisani kwa hatua zile za korongo, nikasema moyoni kwamba wazee wanapenda kukuza mambo.

Alikuwa pia amefanya kazi Geita, kwenye mgodi wa dhahabu, kabla ya vita. Huko ndiko alikobatizwa, na huko ndiko alikotoa mbao za mlango wa kanisa letu. Zilikuwa mbao za makasha ya baruti. Alizileta juu ya lori, akazipigilia misumari mwenyewe, na kwa kuwa fundi hakuwa, mchoro wa fuvu la kichwa uliokuwa kwenye kasha, kwa rangi nyekundu, ulitokea upande wa nje wa mlango, kichwa chini miguu juu, ingawa miguu fuvu halina. Mchungaji alipouona mara ya kwanza aliuliza kwa nini nyumba ya Mungu ina fuvu mlangoni.

"Limepinduliwa, Mchungaji," Mwinjilisti akajibu. "Ni mauti iliyoshindwa."

Mbao zilizobaki zilimtosha kutengeneza mlango wa nyumba yake. Huo nao ulikuwa na fuvu, la wima.

Mafundisho ya mwili alikuwa nayo ya aina mbili, na hayakupatana. Kijijini kwetu alifundisha kwamba roho ameshika plau, nafsi anatangulia mbele na kamba, na mwili ndiye ng'ombe. Ng'ombe hapigwi akafa, wala haachiwi akaenda anakotaka. Lakini alipokwenda Geita kuwatembelea ndugu aliowaacha mgodini, watu waliotoka kila pembe ya nchi, ambao plau hawajawahi kuiona ila walijua nyundo, aliwaambia kwamba mwili ni jiwe. Jiwe ni chafu, ni zito, linaumiza mabega. Lakini dhahabu imo ndani ya jiwe. Anayelitupa jiwe kwa sababu ni jiwe ametupa kila kitu.

Nikamuuliza mara moja, kwa ujuba wa ujana, "Mwinjilisti, mwili ni ng'ombe au ni jiwe?"

"Hapa ni ng'ombe. Geita ni jiwe."

"Na Nkome, kwa wavuvi?"

"Sijafika Nkome."

Mwaka uliofuata alifika Nkome. Aliporudi, akinuka dagaa hata kwenye kola, alinitafuta shuleni katikati ya hesabu. Akasimama dirishani.

"Ni mtumbwi," akasema. "Na unavuja." Akaenda zake.

Alikuwa mtu wa kufunga. Kila Ijumaa hakula mpaka jioni. Lakini Alhamisi alasiri ungemkuta ameketi kivulini mwa ghala lake la mtama, akilipa tumbo taarifa. Alilieleza sababu za kufunga, alilieleza litapata nini Jumamosi, na kama kulikuwa na mgonjwa wa kuombewa alilitajia jina lake. Alisema ni utovu wa adabu kumfungisha mtu bila kumwambia. Mke wake, Mama Eliya, mwanamke mfupi mwenye ulimi mwepesi, alikuwa akipita na kinu chake akisema, "Mimi nimeolewa naye mwaka wa ngapi huu, hajawahi kuniambia Alhamisi kwamba Ijumaa hali. Tumbo linaambiwa, mpishi haambiwi."

Mama Eliya ndiye pia aliyenitobolea siri ya miguu. Kila jioni mumewe, huyo aliyeuita mwili ng'ombe na jiwe na mtumbwi, aliketi kwenye kigoda akaipaka miguu yake mafuta ya karanga, kidole kimoja kimoja, polepole, kama anayempamba bibi harusi. Mikono hakuipaka. Uso hakuupaka. Miguu tu.

"Nikimuuliza anasema imefanya kazi," Mama Eliya aliniambia. "Na mikono je? Mikono inalima. Anasema mikono haijawahi kulalamika."

Nilijiandikisha katika darasa lake la ubatizo katika mwaka wangu wa kwanza. Sisi kwetu Ngokolo, mjini Shinyanga, hatukulelewa na dini ya kusukumwa. Nilikwenda kwa sababu ya nyimbo, na kwa sababu jioni za kijiji ni ndefu. Darasa lake lilikuwa na mitihani mitatu. Wa roho ulikuwa sala na amri, na watu walifaulu. Wa nafsi ulikuwa kukaa juma zima bila kumsema jirani vibaya. Alikwenda kuwauliza majirani wenyewe, na hapo nusu ya darasa ilianguka. Wa mwili ulikuwa kuchimba choo.

Hakubatizwa mtu asiye na choo. Alikuja kukipima mwenyewe kwa ufito, kimo cha mtu mzima, na kama ulichomoza juu ya shimo alirudi baada ya juma moja. Bwana afya wa wilaya alipopita kwetu alistaajabu kuona kijiji kile kina vyoo kuliko makao ya mtemi, akauliza ni nani aliyewahimiza watu. Wakamwambia ni Yesu.

Bibi mmoja mzee, aliyekwisha kufaulu mitihani miwili, aligoma katika wa tatu. Mgongo wake haukuweza kuchimba, na hakutaka kumwomba mkwewe. Akasimama darasani na fimbo yake.

"Mwinjilisti, nakuuliza. Bwana Yesu mwenyewe alikuwa na choo?"

Mwinjilisti akafunga Kitabu chake. Akasema atajibu. Alikwenda nyumbani, na kwa siku mbili hakuna aliyemwona. Siku ya tatu akarudi, macho mekundu kwa kusoma.

"Bibi," akasema, "alikuwa mtu wa safari."

Kisha akaenda akamchimbia yule bibi choo kwa mikono yake mwenyewe, siku nne, akiusema mgongo wake kila alipopumzika.

Sasa niseme habari ya ile siku, kwa maana yote yaliyofuata yalitoka humo.

Kwetu, baada ya mavuno, mtama ukiwa ghalani na pamba imekwisha kuuzwa, pande mbili za ngoma hukutana uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake na waimbaji wake. Hakuna mwamuzi. Watazamaji ndio waamuzi, kwa miguu yao. Upande uliovuta watu umeshinda. Upande uliobaki unajichezea wenyewe umeshindwa, na utachekwa mpaka mavuno mengine. Mkristo hakutakiwa kufika hapo kabisa. Hiyo ilikuwa sheria ya kanisa, na Mwinjilisti mwenyewe aliifundisha.

Lakini mwaka ule aliwaza. Aliwaza kwamba neno linapaswa kuwa mahali walipo watu, na watu wako uwanjani, na uwanja una pande mbili tu, kwa hiyo nafasi ya upande wa tatu iko wazi. Akachukua meza ya kanisa, akachukua kitambaa cheupe, akatuchukua sisi wanafunzi wa ubatizo tuimbe, akatupanga katikati.

Kwa saa nzima ya kwanza watazamaji wetu walikuwa mbuzi mmoja. Kulia kwetu upande wa Mzee Masanja ulikuwa na mchezaji aliyevaa chatu shingoni kama skafu. Kushoto walikuwa na watu wanaokula moto, au hivyo ndivyo ilivyoonekana kwa mbali. Sisi tulikuwa na wimbo wa beti saba, wa polepole, uliotungwa na watu wa nchi za baridi. Mbuzi naye akaondoka katika ubeti wa nne.

Mwinjilisti alikuwa amesimama mbele ya meza. Ngoma ya Masanja ilikuwa inapiga pale pale ubavuni mwake. Nikauona mguu wake wa kulia ukiinua kisigino na kukishusha. Naye akauona. Aliutazama kama unavyomtazama mtoto anayecheka kanisani.

"Tulia," nilimsikia akisema.

Mguu haukutulia. Wa kushoto ukaujibu. Aliendelea kuimba, uso umekunjamana kwa sala, mikono imeshika Kitabu kifuani, na chini ya kiuno chake mtu mwingine kabisa alikuwa ameamka. Sina namna ya kueleza. Vumbi lilimzunguka magotini kama linamfahamu. Wimbo ule wa nchi za baridi ukapata mwendo, ubeti baada ya ubeti, nasi tukaufuata kwa sababu hatukuweza kufanya vingine, na nikajua kwamba wazee hawakukuza chochote.

"Amerudi," mwanamke mmoja akasema nyuma yangu, kwa sauti ya chini.

Wakaja wote. Wa kulia wakaja, wa kushoto wakaja, wenye moto wakaja na moto wao. Yule mwenye chatu alibaki peke yake uwanjani, kisha naye akamweka chatu kwenye kikapu akaja kutazama. Masanja aliendelea kupiga ngoma bila wachezaji, macho yakimtoka, anampigia mtu aliyemwacha miaka mingi.

Wimbo ulipokwisha, Mwinjilisti alisimama akihema. Akawatazama watu. Ilikuwa nafasi yake, akaitumia. Akawahubiria juu ya roho na nafsi na mwili, maneno machache. Jioni ile waliotaka kuandikishwa darasani walizidi kurasa za daftari langu. Masanja alimjia akamwambia, "Umenishinda kwa ngoma yangu mwenyewe. Hilo si haki."

Mchungaji alikuja baada ya majuma mawili. Alikuwa Msumbwa kutoka magharibi, mtu wa utaratibu, mwenye baiskeli safi na viatu vyeusi alivyovua penye matope na kuvivaa tena pakavu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na makanisa kumi na mawili na mkono wa kuyashika yote ulikuwa ni sheria. Baraza la wazee likakaa.

"Ulicheza?" akauliza.

"Mwili ulicheza, Mchungaji."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwapo. Roho ilikuwa inaomba. Nafsi ilikuwa inaona aibu." Akafikiri. "Mwili ulikuwa na furaha."

Wakamwondoa katika kuhubiri, wakamtenga na Meza ya Bwana mpaka atakapotubu. Mchungaji alitaka jambo liishe upesi, akamwambia palepale, "Tubu basi, ndugu yangu, tuyamalize."

Mwinjilisti akafumba macho kitambo kirefu. "Roho inatubu," akasema. "Nafsi inatubu, tena inalia. Mwili..." Akangoja, kama mtu aliyegonga mlango na anasikiliza kama kuna mtu ndani. "Mwili bado haujatubu, Mchungaji. Ukiuuliza, utacheza tena. Nikisema umetubu nitakuwa nimesema uongo mbele ya Meza. Nitangoja."

Akangoja miaka saba.

Katika kanisa letu, siku ya Meza ya Bwana, ibada ikifika mahali pake, wasioshiriki hutoka nje: wanafunzi wa ubatizo, wageni, waliotengwa. Kisha mlango hufungwa. Zamani yeye ndiye aliyewatoa watu na kuufunga. Hata baada ya kutengwa aliendelea na kazi hiyo, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumpa mtu mwingine. Alitutoa wote kwa mkono, akahakikisha hakuna aliyesahaulika, kisha akatoka wa mwisho akajifungia mlango kwa nje. Palikuwa na gogo chini ya upenu. Yeye na mimi tulikaa hapo, chini ya lile fuvu lililopinduliwa, tukawasikiliza walio ndani wakiimba. Wengi walioimba humo ni wale aliowavuta kwa miguu yake.

Nilimfahamu hasa pale kwenye gogo. Alikuwa akinieleza kinachoendelea ndani, hatua kwa hatua, kwa kunong'ona. Sasa anakunjua kitambaa. Sasa anamega. Sasa amefika kwa Mama Eliya. Hapo kila mara alinyamaza kidogo.

Mama Eliya aliingia peke yake miaka yote ile. Nyumbani alimwambia mbele yangu, akipepeta mtama, "Nakaa humo ndani kama mjane, na mume wangu namsikia anakohoa nje. Sema neno moja tu, Baba Eliya. Neno 'ndiyo' lina uzito gani? Nataka nile nawe kabla hatujafa, basi."

"Nikilisema la uongo, utakuwa unakula na nani?"

"Na mume wangu mwongo. Nimekwisha kumzoea na makosa mengine."

Yeye akacheka. Lakini baada ya mkewe kuondoka nilimwona akiitazama miguu yake bila kucheka.

Mchungaji alikuja mara nne kwa mwaka, na kila mara alimwuliza kabla ya ibada, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa. "Mwili umetubu?"

"Bado, Mchungaji. Ulikuwa unaelekea, ila juzi Masanja aliwamba ngozi mpya."

Au, "Bado. Nimeulaza chini bila mkeka mwezi mzima. Umenenepa."

Siku moja kwenye gogo nikamwuliza kwa nini hauachi tu huo mwili, aingie na hizo mbili zilizotubu. Akanitazama kwa huruma.

"Mezani pale Bwana ametoa nini, Mwalimu? Si ametoa mwili? Sasa mimi nikienda bila wangu, nitapokelea wapi?"

Mimi nilikwisha kufaulu mitihani yote mitatu. Choo changu alikipima yeye mwenyewe akakisifu. Mara mbili jina langu liliandikwa miongoni mwa wa kubatizwa, na mara mbili nilipata sababu: mara mkaguzi wa shule anakuja, mara homa. Nilijiambia ni kazi nyingi. Mwinjilisti hakunigombeza. Alisema tu, akipangusa gogo kwa kitambaa kabla hatujakaa, "Roho yako iko tayari, mwili wako uko tayari. Nafsi yako imependa kivuli cha hapa nje. Angalia, Mwalimu. Gogo halina sakramenti."

Kisha nikahamishwa kwenda kufundisha mjini Shinyanga. Nilikuwa huko mwaka wa pili Mama Eliya aliponitumia neno kwa dereva wa lori la pamba: Mwinjilisti miguu imevimba, hainuki kitandani, njoo.

Nilifika wakati wa kulima, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha. Mchungaji alikuwa amefika kabla yangu kidogo; nilimkuta ameinama mlangoni, kwenye lile fuvu la wima, akivaa viatu vyake vyeusi. Tukaingia pamoja. Mwinjilisti alikuwa kitandani, nusu ya ukubwa niliouacha, isipokuwa miguu chini ya blanketi, iliyokuwa kama ya mtu mwingine. Ilinukia mafuta ya karanga. Mama Eliya alikuwa bado anaipaka.

"Mwili haujambo?" nikamwuliza.

"Unaondoka," akasema, "bila kuaga." Akanitazama. "Nafsi yako je?"

"Haijambo."

"Na ya tatu?"

Nikakohoa. Mchungaji akaketi kwenye kigoda, mkoba wake magotini. Ndani ya mkoba ule, sote tulijua, kulikuwa na mkate na chupa ndogo ya divai. Akasema kwa upole, kwa sauti ya mtu aliyepanda baiskeli usiku kucha na mchana akitumaini jibu moja, "Ndugu yangu. Nadhani sasa naweza kuuliza. Miguu hii haichezi tena. Mwili umetubu?"

Mama Eliya akaacha kupaka. Akamshika mumewe kifundo cha mguu.

Mwinjilisti akafumba macho, akasikiliza ndani yake. Na hapo, ng'ambo ya ua wa minyaa, katika shamba la Mzee Masanja, ngoma ikaanza. Majembe yalikuwa yanapanda na kushuka kwa pamoja, watu wa kijiji wamealikwa kulima, na Masanja, mzee yule ambaye hakuwa na haja ya kulima siku hiyo wala kwenye shamba lililo karibu kiasi kile, alikuwa anapiga mwenyewe. Niliujua mkono wake. Ulikuwa mwendo wa siku ile ya uwanjani.

Blanketi likasogea. Kidole kimoja, kisha vitatu.

"Baba Eliya," mkewe akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo. "Nakuomba. Sema ndiyo."

Mwinjilisti akafumbua macho. Yalikuwa na machozi. "Umeona mwenyewe, Mchungaji," akasema. "Siwezi kuusemea."

Mchungaji alitazama blanketi muda mrefu, na mkono wake ukafunga tena kifungo cha mkoba. Nikadhani imekwisha. Kisha nikamwona Mwinjilisti akigeuza kichwa polepole kwenye mto, akitazama sakafuni, na uso wake ukibadilika.

"Mchungaji," akasema. "Kiatu chako."

Mchungaji akainama. Kiatu cheusi cha kulia, kilichopita matopeni mikononi mwa mwenyewe bila kuguswa na tone, kilikuwa kinapiga sakafu, taratibu, bila kukosea, pamoja na majembe ya watu. Akakitazama kama kitu kilichosahauliwa hapo na mgeni. Kikapiga tena mara mbili, tatu, kabla hajakizuia. Mama yake, alitwambia baadaye, alikuwa mlimaji wa kualikwa kila shamba.

"Tangu lini?" Mwinjilisti akauliza.

"Sijui," Mchungaji akasema.

Akakaa hivyo, mtu wa makanisa kumi na mawili, akitazama mguu wake. Halafu akafungua kifungo cha mkoba. Akatoa kitambaa cheupe akakitandika juu ya kinu cha Mama Eliya kilichopinduliwa, akakinyoosha pembe nne. Akatoa mkate. Ngoma huko nje haikupumzika.

"Wasioshiriki watoke," akasema, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu.

Tulikuwa wanne chumbani. Nikasimama. Nilikuwa nimefika mlangoni Mwinjilisti aliponiita.

"Mwalimu. Gogo sasa ni lako peke yako. Usilizoee."

Nikatoka kwenye jua, na Mama Eliya akafunga mlango nyuma yangu.